Alfred Büchi, mhandisi aliyeurudisha moshi kazini

Lori lililosheheni mahindi likipanda mlima, ukitega sikio utasikia sauti mbili. Ya kwanza ni ngurumo ya injini yenyewe. Ya pili ni nyembamba, kama mluzi unaopanda kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Mluzi huo ni wa turbo. Karibu kila lori na basi la dizeli linalopita barabarani leo lina kifaa hicho. Meli kubwa zinazotia nanga Mombasa na Dar es Salaam zinacho pia, ila cha kwao kinaweza kuwa kikubwa kuliko mtu mzima.

Aliyekibuni hatajwi sana. Rudolf Diesel anajulikana kwa sababu jina lake limo kwenye mafuta tunayonunua kila siku. Alfred Büchi wa Uswisi hakubahatika hivyo. Katika makala haya tunasimulia maisha yake, na njiani tutasimama kwenye swali linalowasumbua madereva na mafundi wengi: kwa nini turbo ipo na inazunguka, lakini gari halina nguvu? Tumeyaweka mambo hayo mawili pamoja kwa makusudi, kwa sababu Büchi mwenyewe aliishi na swali hilo kwa karibu miaka 20.

Mtoto wa mji wa viwanda

Büchi alizaliwa tarehe 11 Julai 1879 mjini Winterthur, kaskazini mwa Uswisi, si mbali na Zürich. Ulikuwa mji wa chuma na mashine. Kiwanda cha Sulzer kilichokuwa hapo kilijulikana Ulaya nzima kwa injini zake za mvuke, na baba yake Alfred, mzee Johann Büchi, alikuwa miongoni mwa wakuu wake. Kwa hiyo kijana huyu alikua akisikia habari za mashine nyumbani kama vile mtoto wa mvuvi anavyosikia habari za nyavu.

Kuna jambo moja la kufurahisha hapa. Mwaka huohuo wa 1879, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akisubiri kufanya mtihani wake wa mwisho wa uhandisi alikuja kujifunza kazi kwa vitendo katika kiwanda hicho cha Sulzer. Jina lake lilikuwa Rudolf Diesel. Mmoja alikuwa anashika spana, mwingine alikuwa mtoto mchanga katika mji huohuo, na baadaye kazi za mikono yao zilikuja kuungana ndani ya injini moja.

Mwaka 1899 Büchi aliingia chuo cha uhandisi cha serikali mjini Zürich, akahitimu mwaka 1903. Baada ya hapo alikwenda kufanya kazi Ubelgiji na Uingereza. Ni katika miaka hiyo ya ugenini ambapo jambo moja lilianza kumkera: upotevu.

Nguvu inayotoka na moshi

Anayepika kwa mafiga matatu anauelewa upotevu huo bila kufundishwa. Kuni zinawaka, lakini sehemu kubwa ya moto hupita pembeni mwa sufuria na kwenda zake. Ndani ya injini hali ni hiyohiyo. Kwa hesabu ya jumla ambayo wahandisi huitumia, nguvu iliyomo kwenye mafuta hugawanyika karibu mafungu matatu. Fungu moja linafanya kazi ya kuzungusha magurudumu. La pili linapotea kama joto kwenye maji ya rejeta na mwili wa injini. La tatu linatoka na moshi, likiwa bado lina joto kali na msukumo.

Büchi alilitazama fungu hilo la tatu. Aliona kwamba moshi unaotupwa nje una nguvu ya kutosha kuzungusha gurudumu la mapanga, yaani turbini, kama upepo unavyozungusha pia. Na gurudumu hilo likizunguka linaweza kuzungusha jingine lililo upande wa pili wa shafti, na hilo la pili likavuta hewa safi, likaikandamiza na kuisukuma ndani ya injini. Hilo la pili ndilo tunaloliita kompresa.

Lakini kwa nini kuisukumia injini hewa? Kwa sababu mafuta si tatizo. Kuongeza mafuta ni rahisi, pampu inaweza kumwaga utakavyo. Kinachokosekana ni hewa ya kuyaunguza. Ukijaza kuni jikoni na kuziba upenyo wa hewa utapata moshi mweusi na machozi, chakula hakitaiva. Injini isiyo na turbo huvuta hewa yenyewe kwa kunyonya tu, na ikishavuta ujazo wa silinda zake basi imefika mwisho. Ukiisukumia hewa iliyoshindiliwa, silinda ileile inabeba hewa nyingi zaidi, inaunguza mafuta mengi zaidi, na inatoa nguvu kubwa zaidi bila injini kuongezeka ukubwa.

Si yeye wa kwanza kufikiria kushindilia hewa. Gottlieb Daimler wa Ujerumani alikuwa na hataza ya namna hiyo tangu 1885, na Diesel mwenyewe alijaribu kwenye injini yake, asiridhike na matokeo. Tofauti ni kwamba wao walitumia pampu inayozungushwa na injini yenyewe, hivyo sehemu ya nguvu iliyopatikana ilirudi kuliwa na pampu. Büchi alitaka pampu hiyo ilipwe na moshi ambao ulikuwa unatupwa.

Hataza yake ya Ujerumani, nambari 204630, ina tarehe ya 16 Novemba 1905. Alikuwa na miaka 26.

Miaka ya kukataliwa

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo viwanda vilimpigia magoti. Haikuwa hivyo. Mchoro wake wa 1905 ulikuwa na kompresa, injini ya pistoni na turbini, vyote vimefungwa kwenye shafti moja, na ulidai mambo ambayo chuma cha zama zile hakikuyaweza. Mapanga ya turbini yalitakiwa kuzunguka kwa kasi kubwa ndani ya moshi wa mamia ya nyuzi joto bila kupinda wala kukatika. Kompresa nazo zilikuwa bado duni, zikila nguvu nyingi na kurudisha presha ndogo.

Mwaka 1909 alikuwa amerudi Winterthur, akiongoza utafiti wa injini za dizeli katika kiwanda cha Sulzer, kiwanda cha baba yake. Mwaka 1911 kukawa na mtambo wa majaribio. Majaribio yalikwenda, lakini faida haikutosha kumshawishi mtu anayetoa fedha. Mwaka 1915 alipeleka wazo lake kwa kampuni ya Brown Boveri ya mji wa Baden, waliokuwa mabingwa wa turbini za mvuke. Walimkatalia.

Wakati huohuo Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vinaendelea, na wengine walikuwa wameiona faida ya turbo kwa njia nyingine. Ndege ikipaa juu sana hewa huwa nyepesi, injini ikaishiwa pumzi. Mfaransa Auguste Rateau alitengeneza turbo kwa ajili ya injini za ndege. Kule Marekani, Sanford Moss wa kampuni ya General Electric aliipandisha injini ya ndege hadi kilele cha mlima Pikes Peak mwaka 1918, karibu mita 4,300 juu ya usawa wa bahari, akaonyesha kwamba kwa turbo injini ilitoa nguvu karibu sawa na ile ya bondeni.

Wasikilizaji wetu wa nyanda za juu wanalijua jambo hili hata kama hawajapanda ndege. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya hapo ina msukumo pungufu wa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Mombasa. Gari lisilo na turbo likitoka pwani kwenda bara linapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na dereva anadhani ni mlima tu.

Büchi alikuwa mtu wa injini kubwa, si wa ndege. Aliendelea na dizeli.

Alichokigundua kuhusu mapigo

Sehemu hii ndiyo tunayoiona kuwa kiini cha maisha yake, kuliko hata hataza ya 1905.

Katika miaka ya 1920 Brown Boveri walibadili mawazo. Mwaka 1924 turbo yao ya kwanza kwa injini kubwa ya dizeli ilitoka kiwandani Baden kwenda kwa kampuni ya Swiss Locomotive and Machine Works, kampuni ya kutengeneza vichwa vya treni iliyokuwa Winterthur. Büchi naye alihamia huko kuongoza kazi za dizeli. Sasa alikuwa na turbini nzuri na kompresa nzuri. Bado swali la presha lilibaki: moshi ulikuwa unaingia kwenye turbini ukiwa umechoka.

Moshi hautoki kwenye injini kama maji ya mto. Hutoka kwa mapigo. Kila silinda ikifungua valvu yake ya moshi, tufani dogo hutoka kwa ghafla, kisha hutulia, kisha silinda nyingine inafuata. Ukiyaelekeza mapigo yote kwenye bomba moja pana, yanatapanyika humo na kufa. Nguvu ya kila pigo inapotea kabla haijafika kwenye turbini. Tena kuna ubaya mwingine. Pigo la silinda moja linaweza kutoka wakati jirani yake anamalizia kutoa moshi wake, na likamrudishia moshi ndani. Ni kama watu wa vyumba viwili kutoka kwa pamoja kupitia mlango mmoja mwembamba, mwenye nguvu akamrudisha mwenzake chumbani.

Büchi alizigawa silinda katika makundi. Silinda zinazopiga kwa nyakati zilizoachana zilishirikiana bomba moja jembamba, na kila bomba lilikwenda lenyewe hadi kwenye turbini. Pigo likafika likiwa bado na makali. Na katika kipindi cha utulivu kati ya pigo na pigo, presha kwenye bomba la moshi ilishuka kuliko ya hewa iliyotoka kwenye kompresa. Hapo alifanya ujanja wa pili: alipanga valvu ya kuingiza hewa ifunguke kabla valvu ya moshi haijafungwa. Kwa muda mfupi zote mbili zilikuwa wazi, hewa safi ikapita katikati ya silinda, ikafagia mabaki ya moshi na kupoza pistoni na valvu.

Mwaka 1925 injini ya majaribio ilitoa nguvu zaidi ya asilimia 40 juu ya ile ya awali, ikiwa injini ileile. Mpangilio huo ukaitwa mfumo wa Büchi. Mwaka uliofuata yeye, Brown Boveri na kampuni ya vichwa vya treni waliunda ushirika uliobeba jina lake. Kampuni moja ilitoa turbo, nyingine injini, naye Büchi alishika uhandisi na mazungumzo na wateja. Kwa mtu aliyekataliwa na kampuni hiyohiyo mwaka 1915, tunadhani hiyo ilikuwa raha ya pekee, ingawa mambo ya namna hiyo wahandisi hawayaandiki.

Meli mbili za Baltiki

Kazi iliyompa heshima mbele ya macho ya watu ilikuwa ya meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilizoanza kazi mnamo 1926 na 1927. Zilisafiri katika bahari ya Baltiki kwenda Prussia Mashariki, eneo ambalo baada ya vita lilikuwa limetengwa na Ujerumani nyingine kwa ukanda wa ardhi ya Poland. Serikali ilitaka meli za uhakika. Injini zake za dizeli zenye silinda 10 zilikuwa za nguvu za farasi 1,750 bila turbo. Kwa mfumo wa Büchi zikafikia 2,500.

Meli hizo zilikufa pamoja. Tarehe 9 Julai 1941, zikitumika kutega mabomu ya baharini katika Vita vya Pili, ziliingia kwenye eneo lililotegwa mabomu na Sweden karibu na kisiwa cha Öland, zikazama siku moja pamoja na meli ya tatu, Tannenberg. Büchi alikuwa amebakiza siku mbili kutimiza miaka 62.

Turbo inazunguka, nguvu haipo

Sasa tushuke kutoka kwenye meli hadi kwenye gari dogo. Kuna mafundi hodari wanaofunga turbo kwenye gari ambalo halikutoka nayo kiwandani. Mwenye gari analipa fedha nyingi, anafungiwa na geji ya presha, anaambiwa itapanda hadi psi 10. Anaingia barabarani, anakanyaga, geji inagota kwenye 4. Kinachofuata mara nyingi ni kulaumu turbo na kutafuta nyingine, na huenda ikagharimu kuliko ng'ombe wa maziwa. Kumbe turbo ni kitu cha mwisho kushukiwa, si cha kwanza.

Tunaanza na geji yenyewe. Inapata habari kupitia mpira mwembamba, na mpira huo ukipasuka au ukichomoka, geji inasema uongo. Kuunganisha geji nyingine kwa dakika chache kunaondoa shaka.

Halafu kunafuata njia ya hewa baada ya kompresa: mabomba, mipira ya viungo, vibano vyake, na ile rejeta ya kupozea hewa ambayo mafundi huiita intakula. Hewa iliyokandamizwa hutafuta tundu lolote. Dalili ni sauti ya kufoka mtu anapokanyaga mafuta, na madoa ya oili kwenye kiungo, kwa kuwa hewa ya turbo huwa na mvuke kidogo wa oili. Injini ya dizeli hutoa moshi mweusi, kwa sababu mafuta yanaingia na hewa imetorokea njiani. Fundi makini huzima injini, akaacha ipoe, akaziba mdomo wa turbo kwa kifuniko kilichofungwa valvu ya tairi, kisha akajaza hewa kwa pampu, polepole, asizidishe presha ambayo gari lilipangiwa. Akipaka maji ya sabuni kwenye viungo, mapovu yatamwonyesha. Asisahau ile valvu inayoachia hewa dereva anapoondoa mguu, maana ikikosa kufunga sawasawa nayo inavujisha.

Upande wa kabla ya kompresa huwa na mambo machache: kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, jambo la kawaida sana kwenye barabara zetu za udongo, na mpira laini unaofyonzwa ukalala bapa injini inapovuta kwa nguvu. Huo wa mwisho ni mjanja, kwa sababu gari likisimama unarudi umbo lake na hakuna anayeuona.

Kisha tunafika kwenye moshi, na hapa Büchi angekuwa nyumbani. Moshi wote unatakiwa kufika kwenye turbini ukiwa na joto na msukumo. Gasketi iliyopulizwa au ufa kwenye bomba kati ya injini na turbo unaiba nguvu kabla haijafanya kazi. Masizi meusi pembeni ya kiungo ndiyo alama yake, pamoja na mlio wa tiki-tiki injini ikiwa baridi. Mabomba yaliyochomelewa kwa mkono kutoka chuma chembamba hupasuka mapema, kwa kuwa yanabeba uzito wa turbo huku yakipata moto mkali na kupoa kila siku. Na hata yasipopasuka, bomba refu na pana mno linaua mapigo yaleyale ambayo Büchi alihangaika kuyaokoa.

Turbo pia ina mlango mdogo unaopitisha moshi pembeni ya turbini ili presha isizidi kipimo. Mlango huo ukiganda wazi kwa kutu na masizi, au springi yake ikiwa dhaifu, moshi unapita pembeni tangu mwanzo na presha haipandi. Kwa upande mwingine, bomba la moshi lililoziba baada ya turbo, labda silensa iliyobonyea kwa jiwe, linaizuia turbini kuzunguka. Na injini yenyewe ikiwa haipati mafuta ya kutosha, tuseme kichujio cha dizeli kimeziba, moto unakuwa mdogo na moshi mdogo, na turbo haiwezi kuzunguka kwa nguvu ambayo hakuna aliyeipa.

Kuna kosa ambalo spana haitibu. Turbo iliyotolewa kwenye lori ikifungwa kwenye injini ya petroli ya lita moja na nusu, moshi hautoshi kuiamsha. Dereva atasubiri hadi injini ipige kelele ndipo geji itikisike. Turbo na injini lazima ziwe za kimo kimoja. Sehemu kubwa ya kazi ya Büchi katika ule ushirika ilikuwa hiyo hasa, kulinganisha injini ya huyu na turbo ya yule.

Baada ya yote hayo ndipo unapoigusa turbo. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, toa bomba la hewa na uzungushe gurudumu kwa vidole. Lizunguke laini. Likigusa ukuta wa nyumba yake, au shafti ikienda mbele na nyuma kwa kiasi unachokihisi wazi, beringi zimekwisha. Shafti ya turbo ya gari hupita mizunguko 100,000 kwa dakika, na kinachoishikilia ni utando mwembamba wa oili tu. Oili chafu, au kuzima injini ghafla mara tu baada ya kupanda mlima mkali, huimaliza. Dakika moja au mbili za kuiacha injini ingurume polepole kabla ya kuzima si kupoteza mafuta.

Jambo ambalo tunalisisitiza ni hili: usikaze springi ya ule mlango mdogo ili geji ipande wakati uvujaji haujapatikana. Turbo itazunguka kupita kiasi kufidia hewa inayopotea, na siku ikipasuka vipande vinaweza kuingia kwenye injini. Kwa petroli, presha ikizidi bila mafuta kuongezwa ipasavyo, pistoni huyeyuka. Kwa dizeli kuna hatari inayotisha zaidi. Turbo iliyokwisha ikivujisha oili nyingi upande wa hewa, injini inaweza kuanza kuunguza oili hiyo na kukimbia yenyewe, na ufunguo hauizimi kwa kuwa haitegemei tena mafuta ya tangi. Namna ya kuikomesha ni kuinyima hewa kwa kuziba mdomo wake kwa ubao au kitu kigumu, kamwe si kwa mkono wala kwa kitambaa, kabla haijavunjika.

Uzee na yaliyofuata

Mwaka 1938 chuo kilekile cha Zürich alichosoma kilimpa Büchi shahada ya heshima ya udaktari. Mwaka huohuo kampuni ya Saurer, ya Uswisi pia, ilileta injini ya lori yenye turbo. Wazo lililoanzia kwenye mitambo ya ukubwa wa nyumba lilikuwa limeshuka hadi barabarani.

Alfred Büchi alifariki Winterthur, mji aliozaliwa, tarehe 27 Oktoba 1959, akiwa na miaka 80. Hakuwahi kuona gari dogo la watu binafsi lenye turbo likiuzwa dukani. Yalikuja miaka mitatu baadaye, mwaka 1962, nchini Marekani: Chevrolet Corvair Monza na Oldsmobile Jetfire.

Hiyo Jetfire ilikuwa na mkosi wake. Ili injini isigonge kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, kiwanda kiliweka tangi dogo la mchanganyiko wa maji safi na spiriti, na tone kwa tone mchanganyiko huo ulinyunyiziwa ndani. Tangi likikauka, valvu ilijifunga na kupunguza presha ya turbo ili kuilinda injini. Wenye magari wengi hawakukumbuka kulijaza. Walirudi kwa wauzaji wakilalamika kwamba gari halina nguvu, na mnamo 1965 kiwanda kiliamua kuwaondolea turbo waliotaka na kuwafungia kabureta ya kawaida. Jetfire zilizobaki na turbo zake leo ni chache, na wakusanyaji wa magari ya zamani huzitafuta.